Miezi mitatu na bado kilo 40? Kocha anajibu maswali ya wanaoanza vyuma

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi mno na nimezisoma zote, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani mtu kaanza vyuma juzi tu na tayari anajiona kachelewa, anaona wenzake wanamwacha, anaona mwili haujai, anataka kujua anakosea wapi. Kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wa hilo, nguvu ambazo mtu anayeanza anaweza kuzitegemea kwa kweli, na nitaweka namba ili kila mtu ajue alipo. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 21, kilo 62, naishi Kihonda Morogoro. Nina mwezi wa tatu sasa kwenye tizi, mara tatu kwa wiki sikosi. Kwenye benchi, ile ya kulala chali na kusukuma chuma juu, napiga kilo 40 mara nane, napumzika narudia mpaka seti tatu, hapo ndo mwisho wangu. Rafiki yangu tulianza siku moja na yeye sa hivi anapiga 60. Halafu TikTok naona watu wanasema ndani ya miezi mitatu wamefika 100. Kocha mi nina tatizo gani, au mwili wangu sio wa vyuma?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huna tatizo lolote, na sikwambii hivyo kukufariji, tupige hesabu uone mwenyewe. Kuna njia ya kukadiria mtu anaweza kunyanyua kiasi gani kwa mara moja tu ya nguvu zake zote bila kujaribu kweli, unachukua uzito unaopiga, unazidisha na idadi ya mara, unagawa kwa 30, kisha unajumlisha na ule uzito wenyewe. Kwako wewe ni 40 mara 8, inakuja 320, gawa kwa 30 unapata kama 10 na kitu, jumlisha na 40, basi una kilo 50 hivi. Wewe una kilo 62, maana yake unasukuma karibu asilimia 80 ya uzito wa mwili wako na uko mwezi wako wa tatu tu. Hapo uko vizuri. Wanaume wengi wa kilo zako ambao hawajawahi kugusa chuma wakilala kwenye benchi siku ya kwanza wanahangaika na kilo 30 au 35. Ila usiende kujaribu hiyo 50 peke yako bila mtu wa kukushikia, hesabu inatosha.

Sasa kabla hujajilinganisha na rafiki yako nikuulize, hizo kilo 40 umehesabu na chuma cha katikati? Chuma cha kawaida cha jimu kubwa kina kilo 20, kwa hiyo kuna mtu anaweka 10 kila upande anasema anapiga 20 na kumbe anapiga 40, na kuna mwingine anahesabu chuma ni 20 wakati kile cha pale mtaani ni bomba la maji ambalo halifiki hata kilo 10. Na zile jimu za uani zenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege ndo kabisa, kopo limeandikwa 20 kwa rangi nyeupe na hakuna aliyewahi kulipima, moja lina 17 na jingine lina 23, unanyanyua upande umeinama na unajiona wewe ndo una mkono dhaifu. Naomba sana mnaofanya tizi kwenye jimu za namna hiyo, ombeni mizani ya muuza mkaa au ya duka la nafaka, pimeni kila kitu siku moja, andikeni namba ya kweli. Kazi ya asubuhi moja tu, na mkishajua uzito halisi maneno mengi ya nani anamzidi nani yanaisha.

Hata kama kilo 60 za rafiki yako ni za kweli, kuna sababu kibao zisizohusiana na bidii yako. Mwenye mikono mifupi na kifua kinene chuma kinasafiri njia fupi, mwenye mikono mirefu kama vijana wengi wembamba anasukuma njia ndefu zaidi kwa uzito uleule, ila huyohuyo mwenye mikono mirefu mara nyingi anamzidi mwenzake akienda kuinua chuma kutoka chini. Kuna aliyekulia shamba na jembe, kuna aliyepiga kazi ya kubeba magunia sokoni miaka miwili kabla ya kuja jimu, huyo mmeanza naye vyuma siku moja lakini mwili wake ulianza zamani. Na pengine ana kilo 75 wakati wewe una 62, hukuniambia.

Halafu kuna hili la mwanzo ambalo nataka wote mlielewe maana ndo linawachanganya watu. Wiki sita mpaka nane za kwanza, nguvu nyingi unazopata hazitokani na msuli kukua, zinatokana na ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuutumia msuli ulio nao tayari. Una nyuzi za msuli ambazo hazijawahi kuitwa kazini zote kwa pamoja, ni kama timu ya wachezaji wazuri ambao hawajawahi kucheza pamoja, mazoezi ya mwanzo yanawafundisha kupeana pasi. Ndo maana mwezi wa kwanza unaongeza uzito kila wiki na ukijiangalia kwenye kioo mkono ni uleule, watu wanakata tamaa hapo wanasema vyuma havinishiki, kumbe vimeshashika, ila kwa ndani. Ikifika mwezi wa tatu au wa nne kasi inapungua, maana sasa kuongeza nguvu kunategemea msuli wenyewe ukue, na msuli unakua taratibu. Mwanaume anayeanza, anayekula vizuri na kulala vizuri, akipata nusu kilo mpaka kilo moja ya msuli kwa mwezi ile miezi ya mwanzo, huyo kafanikiwa sana, na kasi hiyo haidumu.

Unataka ujue mwaka ukiisha utakuwa wapi, si ndio? Mwanaume anayefanya mara tatu kwa wiki bila kukosakosa, kwa makadirio ya kawaida ambayo wengi wanayafikia, mwisho wa mwaka wa kwanza kwenye benchi anakuwa karibu na uzito wa mwili wake kwa mara moja, wengine wanapita kidogo. Skwati, ile ya kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani, mara moja na robo mpaka mara moja na nusu ya uzito wake, na dedilifti, ile ya kuinua chuma kutoka chini, mara moja na nusu au zaidi kidogo. Kwako wewe wa kilo 62 ni benchi 60 hivi, skwati kati ya 78 na 93, dedilifti 93 kwenda 105. Ukikosa kwa kilo 10 hujafeli, ukizidisha kwa kilo 10 usianze kujiona bingwa, ni makadirio. Kilo 100 kwenye benchi kwa mtu wa kilo 62 zipo, ila ni kazi ya miaka kadhaa na wengi hawafiki kabisa, na huyo wa TikTok hujui alianza lini, hujui ana kilo ngapi, hujui anatumia nini, na hata pleti, zile sahani za uzito za kuweka kwenye chuma, za plastiki zilizopakwa rangi zikafanana na chuma zinauzwa madukani.

Namna ya kuongeza sasa. Kwenye benchi ongeza kilo mbili na nusu, sio tano, na uongeze pale tu unapomaliza seti zote tatu kwa mara nane bila chuma kuyumba na bila kunyanyua makalio kwenye benchi. Kama jimu yenu haina pleti ndogo, na najua nyingi hazina, una njia mbili. Ya kwanza usiongeze uzito, ongeza mara, toka nane nenda tisa, kumi, mpaka kumi na mbili, hapo ndo urukie uzito mkubwa na urudi chini kwa mara sita au saba. Ya pili chukua chupa mbili za maji za lita moja zikijaa, kila moja ni kilo moja, funga moja kila upande kwa kamba iliyokaza vizuri isicheze, umepata kilo mbili za nyongeza. Na ununue daftari. Andika tarehe, uzito, mara ngapi. Mtu asiye na daftari akifika mwezi wa sita anabishana na kumbukumbu zake.

SWALI: Hujambo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, kilo 70, naishi Kisauni, Mombasa. Nilianza jimu ili nipunguze tumbo, sasa nimependa. Lakini mwalimu wetu asema wanawake tusishike vitu vizito tutakuwa kama wanaume, anipa dambeli, vile vyuma vidogo vya kushika mkononi, za kilo tatu tatu. Pushapu siwezi hata moja, naona haya mbele ya wenzangu. Nataka kujua mwanamke kama mimi aweza kufika wapi.

JIBU: Sijambo dada yangu, na nimefurahi sana kwa barua yako. Nianze na hilo la kuwa kama mwanaume kwa sababu limewazuia akina mama wengi mno na si kweli. Homoni inayojaza misuli ya wanaume inaitwa testosteroni, na mwanaume mzima anayo mara kumi mpaka ishirini ya ile aliyonayo mwanamke. Wanaume wenye homoni yote hiyo wanakesha na vyuma miaka mitatu na bado wanalalamika hawajai, sasa wewe utajaa kwa bahati mbaya vipi, ndani ya miezi michache, na dambeli? Wale kina dada unaowaona wamekuwa mapandikizi kwenye mashindano, hiyo ni miaka mingi ya kazi, mlo wa kupimwa, na baadhi yao dawa.

Na hizo kilo tatu tatu zinanisikitisha. Dada, ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na siku bomba limekatika unabeba mbili, moja mkono huu na moja ule. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo 13 au 14, unamwinua toka chini mara ngapi kwa siku. Mwili wako ulishazoea mizigo kabla hujaingia jimu, sasa mtu anakupa kilo tatu eti usiumie. Mwambie kwa heshima kabisa kwamba unataka kujifunza skwati na dedilifti kwa mkao sahihi, uanze na kilo 15 au 20, na uwe unaongeza. Akikataa tafuta mwalimu mwingine.

Pushapu ndo usione haya kabisa. Mtu anayepiga pushapu ya kawaida anasukuma kama asilimia 64 ya uzito wake, kwako hiyo ni kilo 45, na ukumbuke yule kijana wa Morogoro hapo juu analia na 40. Wanawake sehemu ya juu ya mwili, mikono na kifua, wana nguvu kama nusu ya wanaume au zaidi kidogo, miguuni tofauti inapungua sana, ni maumbile tu. Ila ukipima kwa asilimia, mwanamke anayeanza anaongeza nguvu kwa kasi sawa na mwanaume anayeanza. Kwa hiyo anza pushapu ukutani, umesimama, ukifika kumi na tano bila tabu hamia kwenye meza imara au kaunta ya jikoni, kisha kitanda au ngazi, kisha chini. Kadiri mikono inavyoshuka ndivyo uzito unavyozidi. Wengi wanapata ya kwanza ya chini ndani ya miezi mitatu mpaka sita, na ukishapata moja, tano haziko mbali.

Kwa mwaka mzima, mwanamke wa kilo 70 anayefanya mara mbili au tatu kwa wiki anaweza kutegemea dedilifti ya kilo 70 mpaka 80, skwati ya 50 mpaka 65, benchi ya 30 mpaka 40. Kuhusu tumbo, vyuma vinasaidia lakini tumbo linaamuliwa zaidi na sahani, hakuna zoezi linalochagua kuchoma mafuta ya sehemu moja, hata sitapu 200 kwa siku. Na jambo moja la afya ambalo akina mama hawalisemi, kama ukinyanyua au ukikohoa mkojo unakuponyoka, au katikati ya tumbo panafunguka kama ufa tangu ujifungue, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, linatibika na mazoezi yake yapo. Ukiwa na buibui au mtandio, ubane vizuri ncha zisining'inie karibu na chuma.

SWALI: Kocha niaje. Niko Nairobi, nimeanza jimu wiki hii. Jana nilifanya miguu, leo siwezi kushuka ngazi, hata kuketi kwa choo ni shida. Ni kawaida ama nimejiumiza?

JIBU: Poa sana ndugu yangu. Ni kawaida. Maumivu ya namna hiyo yanaanza siku inayofuata, yanakuwa makali kati ya saa 24 na 72, halafu yanaondoka yenyewe. Tembea, kunywa maji, usirudie miguu mpaka yaishe, na ukirudi fanya nusu ya ulichofanya. Lakini wote sikilizeni hapa, mkojo ukitoka rangi nyeusi nyeusi kama chai ya rangi au soda ya kola, au msuli ukavimba sana na ukakosa nguvu kabisa, hiyo sio ya kusubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo, msuli uliovunjika kupita kiasi unamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuua figo. Inawapata hasa wanaoanza ambao siku ya kwanza tu wanafanya skwati mia tano za kubishana. Na maumivu sio kipimo cha tizi nzuri, mwezi wa pili hutaumwa hivyo na bado utakuwa unaendelea kupata nguvu.

SWALI: Assalam alaykum kocha. Nipo Muscat, nafanya kazi kwenye ghala huku Ruwi, miaka 27, kilo 71. Nina miezi mitano jimu, nimeongeza kilo mbili tu. Kuna jamaa pale jimu ni wa miraba minne kwelikweli, anasema sindano zake zitanipa kilo 10 ndani ya miezi miwili na hazina madhara ukijua kuzitumia. Nimeshaanza kuweka pesa. Nishauri.

JIBU: Wa alaykum salaam kaka. Hiyo pesa itume nyumbani au uiweke, tafadhali usimpe huyo mtu.

Nikupe utafiti mmoja ambao ukiuelewa hutajilinganisha tena na mtu wa sindano. Mwaka 1996 madaktari Marekani waliwachukua wanaume 43 wenye uzoefu wa vyuma wakawagawa makundi, wengine wakapewa sindano za testosteroni miligramu 600 kila wiki, wengine sindano za bure zisizo na kitu, na kati yao kuna waliofanya mazoezi na waliokatazwa kufanya. Baada ya wiki 10, waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kama kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliodungwa dawa na hawakufanya zoezi lolote waliongeza kama kilo 3. Waliofanya vyote viwili, kama kilo 6. Soma tena hapo katikati, mtu aliyekaa tu na sindano yake alimzidi aliyetoka jasho wiki kumi. Kwa hiyo wewe na huyo jamaa hamko kwenye mchezo mmoja hata kama mnatumia benchi moja, na kilo zako mbili kwa miezi mitano, kama tumbo halijaongezeka na vyuma vyako vimepanda, ni kilo mbili halali kabisa.

Madhara yapo, hata kwa anayejua kuzitumia. Mwili ukiona homoni inatoka nje unafunga kiwanda chako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua au zinaisha, na ukiacha sindano inaweza kuchukua miezi mingi kurudi na kuna ambao hawarudi sawasawa. Wewe una miaka 27, sijui kama umeoa, fikiria hilo. Matiti yanaweza kuota, presha inapanda, mafuta mabaya kwenye damu yanazidi, moyo unatanuka na kuwa mgumu, vidonge vinaumiza ini. Na huyo anauza chupa isiyo na daktari nyuma yake, hujui ndani kuna nini, hujui sindano ni safi kiasi gani.

Ukitaka kuona mwili bila dawa unafika wapi, tafuta picha za Eugen Sandow, yule aliyeandaa shindano kubwa la kutunisha misuli London mwaka 1901 kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall. Alikufa 1925, na testosteroni ya kutengenezwa maabara ilipatikana kwa mara ya kwanza 1935, kwa hiyo hakuna namna aliitumia. Ule mwili ni mzuri mno, na ni mdogo kuliko wa vijana wengi unaowaona kwenye simu leo. Arnold Schwarzenegger, aliyechukua Mr. Olympia, taji kubwa la kutunisha misuli, mara saba, amekiri mwenyewe hadharani kwamba enzi zake alitumia steroidi, yaani dawa za homoni za kujaza misuli. Ronnie Coleman aliyechukua taji hilo mara nane, toka 1998 mpaka 2005, aliinua chuma cha zaidi ya kilo 360 toka chini, na baada ya kustaafu kapasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, anatembea kwa shida. Nawaheshimu wote, ila wao sio kipimo cha mtu mwenye miezi mitano na kazi ya ghala.

Kama lazima ununue kitu, nunua kreatini, unga wa nyongeza wa watu wa mazoezi, gramu 3 mpaka 5 kila siku, sio homoni, imechunguzwa miaka mingi na inaongeza nguvu kidogo kweli. Itakuongezea kilo moja au mbili za maji mwanzoni usishtuke. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Na wewe unabeba mizigo siku nzima kwenye joto la Muscat halafu unaenda jimu usiku, kwa hiyo mara tatu kwa wiki zinakutosha, kula zaidi ya unavyokula sasa na kunywa maji kabla kiu haijakushika, nina uhakika mkubwa hapo ndipo kilo zako zimejificha.

SWALI: Kocha, mimi ni mzee wa miaka 58, niko Ngamiani Tanga, nina presha lakini natumia dawa na iko sawa. Wajukuu wananicheka nikisema nataka kuanza vyuma. Nimeshachelewa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa hata kidogo na hao wajukuu uwasomee hapa. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa wazee kumi wa nyumba ya wazee huko Boston, umri wao miaka 86 mpaka 96, wakafundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walivyoanza. Wewe mbele yao ni kijana.

Mwambie daktari wako wa presha kwamba unaanza, akikuruhusu anza na kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara kumi, seti mbili, pushapu za ukutani, na kubeba ndoo nusu kila mkono ukitembea uani. Baada ya mwezi ingia kwenye dambeli. Usizuie pumzi unaponyanyua, toa hewa wakati wa kusukuma, ukibana pumzi presha inaruka juu ghafla. Kupona kwako kutachukua siku mbili au tatu badala ya moja, kwa hiyo mara mbili kwa wiki ni sawa. Usitegemee kifua cha kijana wa miaka 20, tegemea kupanda ngazi bila kushika ukuta, kunyanyua gunia la kilo 25 bila kuita mtu, na ndani ya miezi mitatu hayo utayaona.

SWALI: Kocha habari. Mwanafunzi wa chuo Dodoma, kilo 60, boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiisha nabaki na pesa ya kula tu. Bila unga wa protini nitapata nguvu kweli? Wenzangu wananiambia napoteza muda.

JIBU: Nzuri sana. Utapata, na hao wenzako hawajapiga hesabu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha mtu wa vyuma akifika gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, akizidisha zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo sana au hakuna. Wewe wa kilo 60 unahitaji kama gramu 96. Sasa angalia, mayai matatu ni gramu 18. Dagaa wakavu gramu 50, ile konzi moja kubwa, wanakupa 25 hivi, dagaa wana protini nyingi kuliko nyama ukipima wakiwa wakavu. Maharage makavu gramu 120 kabla ya kupikwa, 25. Ugali na chapati za siku nzima, kama unga gramu 300, hapo kuna 20 ambazo watu hawazihesabu. Karanga za mkononi, 7. Umefika 95 na hujaingia dukani kununua kopo lolote.

Shida ya wanafunzi wengi ninaowafahamu sio protini, ni kwamba wanakula mara moja na nusu kwa siku, asubuhi chai na andazi, mchana wali maharage kidogo, usiku wamelala na njaa au wanakesha na simu mpaka saa nane. Kwa mwili wa namna hiyo vyuma vinapanda wiki tano halafu vinasimama. Kula mara tatu, pata usingizi wa masaa saba au nane kila usiku, mkipika geto mchange mnunue maharage na dagaa kwa jumla siku boom linapoingia kabla hamjagawana pesa. Na ikibaki akiba mwisho wa mwezi, nunua trei la mayai.